Kwa Nini Hamji Uwanjani

Ijumaa moja ya Januari, kipindi cha kwanza kilipokwisha na timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya mji wao mdogo, Korongo wa Dunlea, ikiongoza mabao mawili kwa moja, Verna Hnatiuk alinyanyuka kitini akasema anakwenda chooni. Mumewe, Orest, alinyanyuka naye, kwa sababu miezi ile hakuwa akimwacha aende peke yake hata hatua kumi. Walishuka ngazi wakishikana mikono, wakapita mbele ya kantini, na hapo mtu mmoja akamgusa Orest begani kumuuliza kama angali anayo ile mashine yake ya kuondolea theluji. Orest aligeuka.

"Ninayo, lakini mbovu," alisema.

Maneno matatu tu. Aliporudisha uso, mkono wake ulikuwa umeshika hewa.

Verna alikuwa amekwisha fika mwisho wa ukumbi na kusukuma mlango wa chumba cha wachezaji. Zamani mlango ule ulikuwa kama wa jikoni kwake. Kwa miaka kumi na tisa, kila mapumziko ya pili, aliingia pale na sinia la biskuti za shayiri, na vijana wakamzunguka kama vifaranga. Siku hizi vijana walikuwa na mtaalamu wa chakula, biskuti hazikutakiwa, na mlangoni palibandikwa karatasi ya maandishi mekundu ya kuzuia watu. Verna hakuiona hiyo karatasi, au aliiona isimwambie kitu.

Ndani, wachezaji walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wengine wameshusha jezi wamebaki vifua wazi, mvuke ukiwatoka mwilini. Verna alichukua taulo, akamwendea kijana mmoja wa miaka kumi na saba, akaanza kumkausha nywele.

"Darcy, utapata homa ya mapafu," alimwambia. "Fulana yako ya ndani iko wapi?"

Kijana yule hakuitwa Darcy. Darcy alikuwa mchezaji aliyepangiwa kuishi nyumbani kwa Verna miaka ishirini na miwili iliyopita, na sasa alikuwa na upara na duka la matairi. Kijana aliganda, mikono juu ya magoti, asijue amsukume au amwache. Wenzake walianza kucheka kwa kujizuia, kisha bila kujizuia. Kocha akasema, "Mama, huruhusiwi humu," na Verna akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akamuuliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Simu zilikatazwa mle ndani, lakini ilikuwapo moja, na iliona kila kitu.

Orest alipofika mlangoni alimkuta mkewe amesimama katikati ya kicheko kile, taulo mkononi, naye anacheka pamoja nao. Verna alidhani wamefurahi kumwona.

Kufikia Jumapili, hapakuwa na mtu Dunlea aliyekuwa hajaitazama ile video.

*

Wazee wa Dunlea hunywa kahawa yao asubuhi kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, meza ya dirishani. Jumatatu Orest alikwenda kununua mkate tu. Alikuwa amesimama nyuma ya rafu ya mafuta ya injini aliposikia sauti ya Lyle Brandvold, aliyefanya naye kazi miaka mingi kwenye ghala la nafaka kabla halijafungwa.

"Mia tatu themanini," Lyle alikuwa akisema. "Zamani tulikuwa tukijaza viti vyote na wengine wanasimama. Mnakumbuka?"

"Bia dola tisa," mwingine alisema. "Nani ataimudu?"

"Bia unayo nyumbani. Tatizo ni vijana wenyewe. Mchezaji akicheza vizuri miezi miwili, anauzwa. Hujamjua jina, kashaondoka. Utamshangilia nani?"

"Mimi siendi kwa sababu ya mgongo. Vile viti vya mbao."

"Wewe huendi kwa sababu mkeo kakukataza."

Walicheka. Kisha Lyle akashusha sauti, lakini sauti ya mtu aliyefanya kazi kwenye mashine miaka thelathini haishuki sana.

"Na kuna lile la Verna pia. Tuseme ukweli. Mwanangu anasema watoto wake wanaogopa. Ile siku alimnyang'anya mdogo chipsi zake akala mbele yake. Juzi ndiyo hayo ya chumbani. Nampenda Verna, alinipikia mke wangu alipolazwa. Lakini unampeleka mtoto uwanjani akafurahi, humpeleki akaone mambo."

Mtu mmoja alikoroga kahawa kwa muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Orest angeweza kutoka kimyakimya. Mlango ulikuwa nyuma yake. Badala yake alikwenda mpaka kaunta, akalipia mkate, akapita karibu na meza ile.

"Habari za asubuhi, mabwana."

"Salama, Orest," walisema wote pamoja, kama darasa. Lyle alitazama ndani ya kikombe chake. "Verna hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Verna hakuwa amemsalimu mtu. Asubuhi ile alikuwa amemuuliza Orest mara nne kama mama yake amekwisha kula.

*

Jumatano jioni Royce Tollefson alikuja nyumbani. Royce ndiye alikuwa meneja wa klabu, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye koti zuri lililoshonwa alama ya korongo kifuani. Alipokuwa na miaka kumi na saba, alipotoka shamba la wazazi wake kaskazini kuja kucheza, alipangiwa kukaa kwa akina Hnatiuk, na alikaa misimu miwili. Chumba chake kilikuwa kile cha ghorofa ya chini, karibu na tanuri la kupasha nyumba moto, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikia baridi.

Verna ndiye aliyefungua mlango. Jina la dada yake mwenyewe lilikuwa limempotea tangu Krismasi, lakini alimtazama mtu yule kizingitini na uso wake ukafunguka.

"Tolly," alisema. "Umechelewa. Chakula kimepoa."

Royce alivua viatu. Alisema amekwisha kula, ila alisema kwa sauti ndogo, na kabla hajamaliza alikuwa ameketishwa mezani, sahani ya pirohi, chakula cha kwao cha Kiukraini, imewekwa mbele yake, viazi vimefungwa ndani ya unga na kuchemshwa, vitunguu vya kukaanga juu, na maziwa ya mgando pembeni. Zilikuwa za Orest, maana Verna hakuachiwa tena jiko, na zilikuwa nene na zimepasukapasuka. Royce alikula tisa. Verna aliketi mkabala naye, kidevu kiganjani, akimtazama anavyotafuna.

"Umemaliza hesabu zako?"

"Nimemaliza, mama."

"Nionyeshe."

Royce aliacha kutafuna. Akamtazama Orest.

"Atakuonyesha kesho," Orest alisema. "Daftari limebaki shuleni. Tolly, hebu twende gereji unitazamie kitu."

Gereji ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Walisimama baina ya pikapu na ile mashine mbovu ya theluji, pumzi zao zikitoka nyeupe.

"Mzee Orest, sijui nianzie wapi."

"Anzia mwisho. Mwanzo ninaujua."

Royce alivuta pumzi. "Mzazi wa yule kijana ameandika barua kwa ligi. Kuna sheria ya kuwalinda wachezaji ndani ya chumba chao. Mtu asiye na ruhusa haingii. Na sheria yenyewe, mzee, ni nzuri. Imewekwa kwa sababu ya mambo mabaya yaliyotokea kwingine."

"Ni nzuri," Orest alikubali. "Chumbani hataingia tena. Sitamwachia mkono hata kwa kupiga chafya."

"Siyo chumba tu. Kuna yale ya chipsi. Kuna siku ile alipomtukana refa Kiukraini."

"Refa hajui Kiukraini."

"Ishara ya mkono aliielewa."

Orest nusura acheke. Royce naye nusura acheke, na kwa kitambo kidogo walikuwa kama zamani, mzee na kijana wake. Kisha Royce akatazama sakafu.

"Kamati imeona ni heri Mama Verna apumzike nyumbani. Kwa msimu huu."

"Kamati ni nani?"

"Watu saba."

"Wewe ukiwamo?"

"Nikiwamo."

"Ulinyanyua mkono?"

Gari lilipita nje, matairi yakiikanyaga theluji kavu. Royce alingoja lipite.

"Nilinyanyua."

Orest aliokota bisibisi kwenye meza ya kazi, akaitazama, akairudisha pale pale.

"Mzee, nikuambie ukweli," Royce alisema, na sasa maneno yalimtoka haraka. "Viti ni elfu moja na mia moja. Siku ile tulikuwa watu mia tatu themanini, na hapo nimehesabu waliokuja bure. Kuna mji mmoja wa jimbo la Alberta unaitaka hii timu. Timu ikiondoka Dunlea hairudi, wewe unajua kama mimi. Siwezi kupoteza hata familia moja. Na zipo tatu zimeniambia haziji tena kama..."

"Kama mke wangu anakuja."

"Hawakusema hivyo."

"Walisemaje?"

Royce alifumba macho. "Walisema hivyo."

Alitoa bahasha mfukoni. Ndani mlikuwa na hundi ya kumrudishia fedha za mechi kumi na moja zilizobaki, za kiti kimoja. Kiti cha Orest kipo palepale, alisema, safu ya sita, hakuna atakayekigusa. Aje. Hata yeye anahitaji kupumzika, kila mtu anasema hivyo, mbona amekonda. Orest aliipokea ile bahasha, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya maisha yake yote mtu akimpa kitu. Ulisema asante. Katika mambo yote ya jioni ile, hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi.

Walipotoka gereji Verna alikuwa amesimama mlangoni na kopo la plastiki. Alikuwa amezifunga pirohi zilizobaki, pamoja na uma.

"Hizi za kesho," alimwambia Royce. "Na uvae skafu. Koti zuri halizuii upepo shingoni."

Royce alichukua kopo kwa mikono miwili. Kupitia dirishani Orest alimwona ameketi ndani ya gari lake, taa zimezimwa, kopo liko mapajani, kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Bernice Pelletier, jirani wa upande wa kushoto, aliposikia habari ile kesho yake hakuzungusha maneno. "Fadhila ya punda ni mashuzi," alisema. "Huyo mtoto Verna alimfulia mpaka soksi."

"Ana timu ya kuiokoa," Orest alisema.

"Ana timu. Na wewe una nini?"

*

Verna hakujua mwaka. Hakujua kama ni asubuhi au jioni, na mara nyingine hakujua kama yule mwanamke kwenye kioo cha bafuni ni rafiki au adui. Lakini Ijumaa aliijua. Daktari mwenyewe hakuweza kueleza aliijuaje. Ilipofika saa kumi na mbili jioni alishuka ngazi amevaa jezi yake ya kijani, akasimama mlangoni, akaanza kutafuta koti.

"Leo si Ijumaa," Orest alimwambia, Ijumaa ya kwanza.

Verna alifikiri. Akasogea dirishani. Nyumba yao ilikuwa kwenye barabara iendayo uwanjani, na watu walikuwa wakipita wawili wawili, watatu watatu, wamejikunja kwa baridi, jezi za kijani zikichungulia chini ya makoti.

"Wale wanakwenda wapi?"

"Kanisani."

"Na jezi?"

Orest hakuwa mtu wa uongo. Hakuwa na mazoezi nao. Katika miaka yao arobaini na tisa ya ndoa, kama aliwahi kumdanganya mkewe ilikuwa juu ya bei ya pikapu. Alisimama pale akitafuta uongo wa pili wa kuushikilia ule wa kwanza, na alipokuwa bado anautafuta, Verna alikuwa amekwisha kuingiza mkono mmoja kwenye koti.

Alimwambia mechi imeahirishwa. Verna alikubali, akavua koti, akaketi. Baada ya dakika kumi alisimama, akatafuta koti. Alimwambia tena. Alipomwambia mara ya tano aliona hasira imempanda mkewe, si kwa sababu amekumbuka, bali kwa sababu mwili wake umechoka kuzuiwa pasipo kujua unazuiwa nini.

Ijumaa ya pili alijaribu redio. Aliweka viti viwili jikoni kama vile vya uwanjani, akatengeneza chokoleti ya moto, akaongeza sauti. Mtangazaji alisoma majina ya wachezaji, Verna akatulia, akatabasamu. Ulipopigwa wimbo wa taifa alisimama wima, mkono kifuani. Orest akasimama naye. Walisimama vile jikoni, mbele ya jokofu, wazee wawili, hata wimbo ukaisha. Verna akageuza kichwa polepole, akatazama sinki, akatazama kalenda, akatazama pazia.

"Watu wako wapi?" aliuliza.

"Wako kwenye redio, mama."

"Wameondoka wote?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumefanya nini?"

Orest alizima redio. Alimshika, akamketisha, na ilimchukua saa nzima kumtuliza, kwa sababu alikuwa akilia kama mtu aliyetoka kupata habari ya msiba, na kila alipomuuliza analilia nini, alisema hajui.

*

Orest alikwenda uwanjani mara moja peke yake. Bernice ndiye aliyemsukuma. Alikuja Ijumaa ya tatu ya Februari na kazi yake ya kufuma, akajitia kitini, akasema, "Nenda. Mimi nitakaa naye. Utakufa kabla yake ukiendelea hivi, halafu atabaki na nani?"

Orest alitokea mlango wa nyuma, kama mwizi, ili Verna asimwone akivaa koti.

Uwanjani walimpokea vizuri, na hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. Mwuza tiketi alimshika mkono. Lyle alimnunulia kahawa na kumwambia timu inahitaji watu kama yeye. Mwanamke mmoja wa safu ya tano aligeuka akasema, kwa moyo safi kabisa, "Afadhali, mzee. Unastahili kujifurahisha kidogo. Na yeye huko nyumbani hajui lolote, maskini, wala haumii."

Orest alisema ndiyo.

Kiti cha Verna kilikuwa kimeuzwa. Hakuwa amelifikiria hilo. Hundi ilipotolewa, kiti kilirudi kwa klabu, na klabu ilikuwa ikihitaji kila dola. Alikuja mtu wa makamo ambaye hakumjua, mnene, mpole, akaketi na ndoo ya bisi, akaegemeza kiwiko pale Verna alipozoea kuegemeza chake. Alikuwa ametoka mji wa jirani. Alimkaribisha Orest bisi.

"Unakuja siku zote?" mtu yule aliuliza.

"Miaka thelathini na moja."

"Peke yako?"

Mwamuzi aliangusha kisahani cha mpira kwenye barafu, baina ya magongo mawili, mchezo ukaanza, na Orest akashukuru kwamba kelele zilimwokoa asijibu. Alijaribu kuutazama mchezo. Vijana walikwenda kasi, barafu ikiruka nyuma ya makali ya viatu vyao. Yule ambaye Verna alimkausha nywele alifunga bao zuri, na watu mia tatu na kitu wakasimama. Orest alisimama. Aligeuka upande wa kulia kama alivyogeuka kila bao kwa miaka thelathini na moja, mikono imekwisha kufunguka, na akamkuta mtu wa bisi akimtazama kwa mshangao.

Hakungoja kipindi kiishe.

Nyumbani, Bernice alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso umemshuka. "Sikuweza kumtoa hapo," alinong'ona. "Tangu ulipoondoka."

Verna alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkabala na mlango wa mbele, amevaa koti, kofia na jezi, mkoba mapajani. Orest alipiga magoti mbele yake. Alipomkaribia, Verna alinyanyua uso akanusa. Alinusa koti lake, begani, kisha kifuani. Baridi ya uwanja wa barafu haifanani na baridi ya nje. Ina harufu yake, ya maji, ya mpira, ya bisi na jasho la vijana, na mtu aliyeivuta miaka thelathini na moja haisahau hata akisahau yote.

Alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa yake, ya Verna aliyeolewa naye, ambaye Orest hakuwa amemwona tangu vuli.

"Umeenda bila mimi," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa waziwazi.

"Verna..."

"Nilikuwa nimekaa hapa, Orest. Nilikuwa tayari."

Kisha akakunja uso, akavua kofia, akaitazama, akauliza ni ya nani. Asubuhi alikuwa amesahau yote. Orest ndiye aliyebaki akikumbuka kwa niaba ya watu wawili. Hakurudi tena uwanjani, msimu ule wala mwingine.

*

Hakuna aliyekuja kuuliza. Royce alimwona Orest mara moja kwenye duka la chakula, mwisho wa safu ya nyama. Royce alisimama, akanyanyua mkono nusu, kisha kitoroli chake kikakata kona kuelekea kwenye sabuni. Bernice ndiye aliyeleta habari kwamba zile familia tatu hazikurudi pia. Moja ilikuwa imehamia Regina. Nyingine watoto wake walikuwa wameacha mpira wa magongo wakaingia kwenye kuogelea. Ya tatu ilisema tu kwamba kuna baridi.

"Kwa hiyo walimtoa bure," Bernice alisema.

Orest alikuwa akimenya viazi. "Hakuna mtu anayetolewa bure," alisema. "Kuna mtu analipa." Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kidogo kama yai.

Mwezi wa Mei, alasiri moja, simu ya nyumbani ililia. Madirisha yalikuwa wazi kwa mara ya kwanza mwaka ule. Verna alikuwa sebuleni, ameketi juani, akikunja na kukunjua taulo moja. Ilikuwa kazi aliyoipenda siku hizo, na Orest alimwachia taulo hilo hata usiku.

"Hujambo, mzee? Ninazungumza na Bwana Orest Hnatiuk?" Ilikuwa sauti ya msichana, changa, yenye adabu ya kufundishwa. "Ninapiga kutoka klabu ya Korongo. Tunawapigia mashabiki wetu wa zamani ambao hawajachukua tiketi za msimu ujao. Tungependa kujua sababu, ili tuboreshe huduma. Ni dakika mbili tu."

"Wewe ni wa hapa, binti?"

"Hapana, mzee. Niko Winnipeg. Klabu imetuajiri kupiga simu."

Orest alivuta kiti akaketi. "Haya. Uliza."

"Nitakusomea sababu, wewe uniambie ipi inakuhusu zaidi. Bei ya tiketi. Matokeo ya timu. Muda wa mechi. Maegesho ya magari. Ubora wa chakula. Viti kutokuwa na starehe." Alitua. "Au hakuna hata moja?"

"Nisomee tena."

Akamsomea tena, polepole zaidi, akidhani mzee hasikii. Orest alisikiliza kila moja hadi mwisho, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha ndefu.

"Nani huyo?" Verna aliita kutoka sebuleni.

Orest aliziba simu kwa kiganja, lakini mikono yake ilikuwa imekonda na haikuziba vizuri. "Watu wa uwanjani."

"Wanataka nini?"

"Wanauliza kwa nini hatuji."

Verna aliweka taulo chini. Jua lilikuwa limemwangukia usoni na alionekana mtu mzima kabisa, aliyetulia, mwenye nyumba yake.

"Waambie tunakuja," alisema. "Kwani kuna siku hatukuja?"

Simuni msichana alicheka kidogo, kwa furaha. "Nimemsikia mama. Basi niwaandikie viti viwili? Kuna punguzo mpaka mwisho wa wiki."

Orest alitazama sakafu ya jikoni. Ulimi wake ulikuwa umeshiba maneno. Angeweza kumwambia yote huyu mtoto wa Winnipeg, na pengine binti angelia, na pengine angeandika kitu mahali ambapo hakuna mtu angekisoma.

"Hapana, binti," alisema. "Andika maegesho."

"Maegesho ya magari?"

"Ndiyo."

Walikaa mitaa miwili kutoka uwanjani. Katika miaka thelathini na moja hawakuegesha gari pale hata siku moja.

"Nimeandika," msichana alisema. "Asante sana, mzee. Maoni yako yatafika."

Orest alirudisha simu mahali pake. Alikwenda sebuleni, akaketi kwenye mkono wa kiti cha mkewe, akaokota taulo, akamrudishia mapajani.

"Wamesemaje?" Verna aliuliza.

"Wamesema tusiwe na haraka."

"Vizuri," Verna alisema, akaanza kukunja taulo, pembe kwa pembe. "Maana bado sijajiandaa."